Diski Isiyo Tupu

Mwende wangu,

Begi lako nilikuwa nimeshalifunga, nikalifungua tena. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mdogo wako Musyoka amelala kwenye kochi na kiatu kimoja mguuni, na mimi nimekaa mezani na kalamu hii inayokwaruza. Habari za blanketi, za dawa ya mbu, za watu wa kujihadhari nao kule stendi, sitakuandikia. Susu yako, mama yangu, aliniambia hayo yote siku nilipotoka kwake Machakos, na sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni jinsi alivyonishika kiwiko.

Nimelifungua begi kwa sababu ya kitu nilichokiona kati ya sketi ya bluu na Biblia. Diski ndogo nyeusi, floppy, na juu yake mwandiko wako: laibrari mpya. Nikakumbuka ulivyoniambia Jumanne ukiosha vyombo, bila hata kugeuka: "Mama, seva ya hospitali ninayokwenda kufanya kazi ni ya zamani. Nikifika tu, kitu cha kwanza nabadilisha laibrari." Ulisema kama mtu anayesema atabadilisha pazia. Nilinyamaza. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa nimechoka, ni kweli, lakini nilinyamaza kwa sababu nilisikia nyuma yako, hapo karibu na jiko, feni ya mashine iliyokufa ukiwa bado Kidato cha Pili.

Nusu ya habari hii unaijua. Unajua nilirudi siku moja vidole vimejaa wino, ukanicheka, ukaniuliza kama nimerudi shule. Nusu nyingine sijawahi kuisema vizuri, kwa sababu kila nikianza, naishia kwa Mzee Barasa, na nikifika kwake nakosa pa kuendelea.

Ile ofisi ya imeili karibu na Jogoo Road niliingia kupiga deki. Nilikuwa nimekuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, shule nimeiacha katikati, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuonyesha watu ni wewe. Nikapiga deki, nikajifunza kupiga chapa wakati bosi amekwenda kula, nikajifunza kutia karatasi kwenye printa. Mjomba wako Kioko ndiye aliyekuwa mtu wa mashine. Alijifundisha mwenyewe Linux kwa kusoma kurasa alizochapa usiku wakati laini ya simu haina watu, na alinifundisha mimi kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumringia.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Watu wa Makongeni, wa Kayole, wa Mathare, hawakuwa na kompyuta. Jamaa zao wa ng'ambo waliandika kwa anwani ya ofisi yetu. Asubuhi na jioni seva ilipiga simu, ikachukua barua zilizokuja, sisi tukazichapa, tukazitia kwenye bahasha, tukaandika jina. Mtu alikuja akakaa kwenye benchi, tukamwita. Nilipenda kuwaita. Nilipenda uso wa mtu anaposikia jina lake na jina la mwanawe katika pumzi moja.

Siku moja Kioko akataka programu mpya, ya kuchapa barua zenye picha. Programu ikakataa. Ikasema laibrari iliyopo ni nzee, inataka mpya. Nilimuuliza laibrari ni kitu gani, mbona hakuna vitabu. Akanionyesha kwa dirisha mfereji wa ploti ya jirani, wanawake wamepanga mitungi. "Sista, unaona? Kila nyumba ina sufuria yake, lakini maji ni ya mfereji mmoja. Programu ni hivyo. Hata ile ndogo kabisa ya kunakili faili, inachota hapo."

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Nilielewa mfereji, na bado sikuuliza tutakunywa nini tukiung'oa.

Laibrari mpya ilikuwa mjini, kwa rafiki yake Kioko mwenye ofisi yenye laini ya kasi. Nikatumwa mimi. "Beba diski tupu," Kioko akasema. Diski hazikuwa rahisi kupatikana pale kwetu, bosi alizifungia kwenye droo yake. Nikapekua kwenye boksi la seva, nikapata moja, haina karatasi, haina jina. Kule mjini yule rafiki akaitia kwenye Windows yake. Mashine ikasema diski hii haijatayarishwa, je, itayarishwe? Akanitazama.

"Hii ni tupu, mathe?"

"Tupu," nikasema.

Akabonyeza ndiyo.

Wewe umesoma, utakuwa umeshaelewa. Ilikuwa diski ya uokoaji. Fundi aliyetuuzia ile seva aliiacha ndani ya boksi, ndiyo ya kuamsha mashine ikikataa kuamka, na hakuandika kitu juu yake. Diski ya Linux ukiipeleka kwa Windows inaonekana kama haina kitu, kwa sababu Windows haijui kuisoma. Nami nikafuta ufunguo wa mlango wa nyuma ili nipate mahali pa kubebea kitasa kipya cha mlango wa mbele. Nikarudi nayo nimeishika kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Kioko akaniambia nikae mimi kwenye kibodi. "Leo ni wewe, sista. Mimi natazama tu." Nilifurahi hata nikafuta mikono kwenye sketi. Barua za asubuhi zilikuwa zimeshaingia, hazijachapwa, tulisema tutazichapa kwa programu mpya zitoke maridadi.

"Ondoa ya zamani kwanza," Kioko akasema, "ili mpya ipate nafasi."

Nikaiondoa. Mashine haikulalamika. Kisha nikaandika amri ya kunakili ile mpya kutoka kwenye diski. Ikajibu kwamba haiwezi, haioni laibrari. Nikaandika amri ya kuorodhesha faili. Haiwezi. Ya kuhamisha. Haiwezi. Ya kuchapa, jibu ni lile lile. Hata programu ya kuirudisha ile laibrari ilikuwa inaihitaji ile laibrari.

Kioko akawa mweupe, na unajua Kioko alivyo mweusi. "Usifunge hapo," akasema polepole. "Usitoke. Tukitoka haturudi ndani."

Sasa sikiliza jambo ambalo bado hunijia nikiwa nimefumba macho. Mashine haikuwa imekufa. Feni ilizunguka. Taa ya kijani iliwaka. Programu zilizokuwa zimeamka kabla yangu ziliendelea kuishi, kwa sababu kila moja ilikuwa imeshikilia ile laibrari ya zamani kumbukumbuni. Faili haikuwepo tena popote, ukiitafuta huioni, lakini wale waliokuwa wameishika kabla haijaondolewa waliendelea kuinywa. Na kwa kuwa niliwahi kukaa karibu na mtu anayekata roho, baba yangu, nilijua nilichokuwa nakitazama. Anakutazama, anakuelewa, na hakuna unachoweza kumpa.

Bosi akaingia. "Kuna nini? Mbona mmekaa kama mko matanga?"

"Mashine ina shida kidogo," Kioko akasema.

"Si muizime muiwashe? TV yangu ikisumbua nafanya hivyo, inapona." Na mkono ukaenda kwenye swichi.

Kioko alijitupa mbele yake, mikono ameitanua kama golikipa. "Bosi, ukigusa hiyo, ndiyo mwisho!"

"Mwisho wa nani?"

Kioko akabaki amekinga swichi. Lakini mimi nilikuwa natazama ukutani, mahali tulipobandika ratiba ya stima. Miezi ile stima ilikuwa ya zamu, na zamu yetu ya giza ilianza saa kumi na mbili. Betri ya seva ilikuwa ya dakika chache tu, ya kukupa nafasi uzime kwa adabu. Seva ikizimika, haiamki. Kioko akakumbuka diski ya uokoaji, akapekua boksi. Akapekua tena. Kisha akaitazama ile diski iliyokuwa mdomoni mwa seva, halafu akanitazama mimi. Hakusema neno. Mpaka leo hajasema, na ningependa angesema.

Ndipo akajaribu kitu. Ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri tuliokuwa tumeufungua una maneno machache unayoyajua wenyewe, bila kuchota kwa mfereji. Unajua kusoma mstari. Unajua kusema mstari. Basi. Kioko akauambia usome barua ya kwanza, mstari mmoja mmoja, na useme. Herufi zikatokea.

"Inanijibu!" akapiga kelele. "Sista, kalamu!"

Hivyo ndivyo tulivyofanya, Mwende. Hatukuweza kuchapa, hatukuweza kunakili, hatukuweza kutuma. Tuliweza kusoma tu. Yeye akasoma kwa sauti, mimi nikaandika kwa mkono. Barua zilikuwa na namba tu, hujui ni ya nani mpaka uifungue. Hiyo ya kwanza ilikuwa ya Mama Wanza wa Umoja, kutoka kwa bintiye, na ilikuwa vipimo vya magauni ya wasimamizi wa harusi. Kifua, kiuno, urefu, msimamizi mmoja baada ya mwingine, na maelezo ya lesi ya rangi ya krimu.

"Ruka hii," Kioko akasema. "Ni nguo tu."

"Soma."

"Sista, wakati unakwenda. Huyu wa tatu amenenepa, hata gauni haliwezi kumsaidia, turuke."

"Soma, Kioko. Ni barua ya mtu. Si kazi yetu kuchagua."

Akasoma. Nikaandika kila kiuno. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa na haki. Kuna siku nasema ndiyo, kwamba ukianza kupima barua ya nani ina uzito, umeshaacha kuwa mtu wa kuaminiwa. Kuna siku naona yale magauni yakining'inia na nachukia rangi ya krimu mpaka leo.

Tukaandika za watu wengine, fupi fupi. Salamu, mtoto amezaliwa, karo, pole kwa msiba. Nje kukaanza kufifia. Kioko akafungua nyingine, akasema, "Ya Mzee Barasa."

Wewe hukumjua. Alikuwa mtu wa reli aliyestaafu, anakaa kwa mpwa wake kule Makongeni, kofia yake ameipiga brashi. Alikuja kila Ijumaa akakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, ili asimsumbue mtu. Mwanawe Simiyu alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo na hakuwa ameandika kwa muda mrefu. Kila nilipomwambia, "Mzee, leo hakuna," alinijibu, "Mama, mtu wa reli hasemi treni haiji. Husema imechelewa." Kisha huinua kofia, anaondoka.

Kioko akasoma: "Baba, nimeamua kurudi nyumbani. Usiuze lile shamba. Nisubiri..."

Taa za chumba zikazimika. Skrini ikabaki, kwa betri, na betri ikaanza kulia, tii, tii, tii. "Soma!" nikamwambia. Akabonyeza. Sijui alibonyeza vibaya kwa sababu ya giza, au ukurasa wenyewe ulikuwa umechoka. Ulirudi mwanzo, kwenye anwani. Akaanza tena. "Baba, nimeamua kurudi nyumbani. Usiuze lile shamba. Nis..."

Feni ikapunguza mwendo. Unajua jinsi mtoto anavyolia mpaka anashikwa na usingizi, sauti inashuka, inashuka? Hivyo. Kisha nikasikia mitungi ya maji huko nje kwenye ploti, na mwanamke akicheka.

Kesho yake fundi alikuja kutoka Industrial Area. Akaulizia ile diski ndogo. "Ningekuwa nayo ningeingia kwa nyuma, nirudishe laibrari, kila kitu kiko pale pale kwenye diski kubwa ya ndani ya seva." Akasema nyingine anaweza kuitengeneza, lakini labda wiki ijayo. Bosi akasema wiki ijayo wateja watakuwa wamehama. "Safisha yote, weka upya, leo leo."

Nikasema, "Kuna barua moja humo hatujaimaliza."

Bosi akasema, "Barua moja?"

Na mimi nikanyamaza. Nilisema, Mwende, usifikiri sikusema. Lakini nilisema kama mtu anayeomba chumvi. Nilikuwa na karo yako kichwani, nikaona mlango wa kutokea, nikashusha sauti. Fundi akasafisha. Ilichukua muda mfupi kuliko vipimo vya magauni.

Tuliandika kwa ile anwani barua ilikotoka, tukaomba Simiyu atume tena. Mtu mwingine akajibu. Ilikuwa ofisi ya bandari fulani, mabaharia huazima kompyuta hapo. Alisema huyo mpishi ameshashuka, hajui alikokwenda.

Ijumaa nikampa Mzee Barasa nilichokuwa nacho, mistari miwili kwa mwandiko wangu. Nikamweleza. Akasoma mara nyingi kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Nimsubiri lini, mama?"

"Hatukufika hapo, mzee."

"Au nimsubiri wapi?"

"Hatukufika."

Akakunja karatasi, akaitia ndani ya kofia. Hakunikasirikia. Ningemlipa mtu anitukane siku ile. "Sawa," akasema. "Amesema anakuja. Hiyo ni kubwa."

Kuanzia hapo hakuja Ijumaa tu. Alikuja kila siku, amevaa suti, kwa sababu hakujua ni siku gani. Alikaa pale mwisho wa benchi mpaka tunafunga. Wateja wapya walidhani ni askari wa mlango. Kisha siku moja hakuja, na nyingine, na nyingine. Nilikwenda Makongeni kumwulizia. Chumba kilikuwa na watu wengine, mama mmoja kijana kama mimi, ananyonyesha. Alisema mzee alirudishwa Bungoma, hajui kama ni mgonjwa au ni vipi. Nilimuuliza kama kuna kijana yeyote aliyewahi kupita kumtafuta. Akasema watu wengi hupita.

Sijui mwisho wake. Sijui kama Simiyu alirudi, wala kama alimsubirisha mahali, stesheni labda, na baba hakutokea kwa sababu yangu. Nikiwa peke yangu, nawaona mara nyingine wamekaa katika sehemu mbili tofauti, kila mmoja amevaa vizuri, kila mmoja anasema mwenzangu amechelewa.

Sasa wewe unakwenda kwa seva inayoshika majibu ya maabara. Kwenye benchi ya hospitali hawangojei vipimo vya gauni. Nimekaa hapa nikiitazama diski yako, na nakiri nilifikiria kuitoa begini na kuitupa kwenye shimo la choo. Sikuitupa. Wewe si mtoto, na laibrari ya zamani nayo huoza, kuna siku itabidi. Lakini utanisikiliza kwa hili, hata kama hunisikilizi kwa mengine.

Laibrari iliyokuja na mashine, wale walioitoa waliijaribu pamoja na kila kitu kinachoichota. Yako imejaribiwa na wewe, kwenye kompyuta ya chuo, siku moja. Kama programu fulani inataka mpya, iwekee mpya mahali pake pembeni, ichote huko peke yake, na ile ya zamani uiache ilipo. Kama ni lazima ibadilishwe ya wote, ngoja ile inayotoka kwa wenyewe walioitoa ya kwanza, na usiiguse wakati kuna majibu ambayo hayajachapwa. Na akija mkubwa wa kusema safisha yote, useme hapana kwa sauti. Usiseme kama mimi. Sema mpaka aache kalamu chini akutazame. Kazi ikikutoka kwa sababu hiyo, rudi, mlango huu unaujua, tutakula tulichonacho.

Jumamosi nilimwomba Kioko anitengenezee kitu. Hakuuliza ni cha nini. Aliuliza tu hospitali yenu inatumia Linux ya kampuni gani, nikamwambia ulivyoniambia, akakaa nayo, akaijaribu kwenye mashine yake mpaka ikaamka. Ni diski ya uokoaji. Nimeifunga kwenye kile kitambaa changu cha kichwa cha maua, nimeiweka juu ya ile yako, ili uifikie hii kwanza.

Kuna kijidirisha pembeni, nimekivuta kikawa wazi. Kikiwa hivyo hakuna anayeweza kuandika juu yake. Ukiwa na shaka, iinue kwenye mwanga. Ukiona mashimo mawili yanapitisha mwanga, iko salama. Ukiona moja, kuna mtu ameigusa.

Na nimeibandikia karatasi, kwa mwandiko wangu huu mbaya, herufi kubwa: SI TUPU. Siku moja mtu mwema, mwenye haraka, atakuomba diski. Ataitia kwenye mashine yake, na mashine itakuambia kwamba haina kitu. Itakuuliza kama ifute.

Nakusikia langoni, unacheka na wenzako. Naifunga barua hapa kabla hujaingia.

Mama yako,
anayekushika kiwiko